Mota ya umeme kwenye boti ya mshipi: shajara ya Sahare, Tanga

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Leo tumepoteza nanga ya tatu mwaka huu. Tulikuwa nje ya kisiwa cha Ulenge, maji ya pima 11 hivi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), ami yangu ameshapandisha changu wawili. Upepo ukageuka, tukataka kusogea, nanga ikagoma. Ami akavuta, nikamshika mkono tukavuta wote, tukawasha mashine tukazunguka upande wa pili tuing'oe kwa nyuma, wapi. Ikabidi tukate kamba. Ami akakaa kwenye ubao ameshika bega la kulia, hasemi kitu, na si kawaida yake kunyamaza akiwa chomboni.

Ana miaka 63 na kazi yake ni mshipi tangu ujana. Siku ya kawaida hutia na kung'oa nanga mara 12 au 15, kwa sababu samaki hawakai mahali pamoja na sisi tunawafuata kichwa cha mwamba kimoja baada ya kingine. Bega limechoka. Na kila chuma kinaponasa chini kinavunja matumbawe yale yale yanayotuletea samaki. Watu wa Tanga tumeishi na uvuvi wa baruti miaka mingi, tunajua mwamba uliokufa unafananaje. Sitaki kuuongezea jeraha.

Mashine yetu ya hp 15 inaweza kuishikilia boti kwa kuwasha na kuzima, tumejaribu. Inakula petroli, inatoa moshi, na ikinguruma kwenye maji ya pima 4 au 5, changu wanatawanyika.

Kwa hiyo nimeamua: mota ndogo ya umeme, ile inayofungwa kwenye boti za uvuvi wa ndoana huko Marekani. Jina lake la Kiingereza, trolling motor, linatokana na kurambaza, yaani kuvuta mshipi polepole nyuma ya chombo. Kurambaza tutarambaza pia Mungu akipenda, lakini shida yangu kubwa ni nyingine. Nataka boti isimame juu ya mwamba bila nanga, kimya, ami akiwa ameshika mshipi wake kwa mikono miwili.

Usiku huu nimepiga hesabu ya uzito. Boti ni ya faiba, futi 17: kilo 280. Mashine 36, petroli lita 25 ni kama kilo 19, sisi wawili 150, barafu na vyombo 80, betri nitakayoweka 12. Jumla inakaribia kilo 580, sawa na ratili 1,280. Mota hizi nguvu yake hupimwa kwa ratili za msukumo, na kanuni inayotumika ni ratili 2 kwa kila ratili 100 za chombo kikiwa na mzigo. Kwangu inatoka 26. Hiyo ni kwa ziwa lililotulia. Huku kuna mkondo na upepo wa matlai, nimezidisha mara mbili: 52. Mota nyingi za volti 12 huishia ratili 55. Ukipita hapo kwa kawaida unahitaji volti 24, yaani betri mbili. Nitachukua 55.

Jumatano, 8 Oktoba

Mota imefika kwa basi kutoka Dar. Ni ya kubana nyuma ya boti kwa vishikizo viwili vya kukaza kwa mkono, shafti ya inchi 36, kasi tano za kwenda mbele na tatu za kurudi nyuma, usukani wa mpini.

Betri imenigharimu kuliko mota yenyewe, na sijutii. Nimechukua ya lithiamu, aina ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 100. Dukani walinishauri betri ya gari kwa kuwa ni rahisi. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache mashine iwake, kisha ichajiwe papo hapo. Ukiishusha hadi chini kila siku, inakufa upesi. Ile ya asidi ya sola ingefaa kidogo, ila ya ampea-saa 100 ina kilo karibu 30 na haipendezi kuitumia zaidi ya nusu. Hii yangu naibeba kwa mkono mmoja na naweza kuitumia karibu yote.

Ami kaiangalia, kainyanyua, kairudisha chini. "Hii ndiyo itatushika baharini, mwanangu?"

"Inshallah, ami."

"Haya. Lakini isikae karibu na tangi la petroli."

Ana haki. Cheche moja penye mvuke wa petroli inatosha. Hilo nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, 12 Oktoba

Jaribio la kwanza, ndani ya ghuba, maji yametulia. Mota nimeibana tezini, yaani nyuma ya boti, pembeni ya mashine, betri kwenye sanduku la plastiki upande wa pili, mbali na tangi, kama ami alivyotaka. Kwenda mbele inakwenda, tena kimya mpaka unasikia maji yanavyopiga ubavu. Simu ilionyesha kilomita 5.5 kwa saa kwa kasi ya tano.

Kusimama ndiko kulikotushinda. Ukiielekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kwenye upepo na kuisukuma kutoka nyuma, omo inayumba. Upepo ukiishika kidogo upande wa kushoto inakwenda kushoto, ukisahihisha inapitiliza kulia. Dakika kumi nilikuwa kazi yangu ni mpini tu, sikugusa mshipi. Tukajaribu kinyume, tezi kwenye upepo na mota inavuta kurudi nyuma. Hapo ikatulia vizuri, lakini mawimbi madogo yakaanza kupanda tezini na kuingia ndani, ami akawa anafua maji.

Hapo jibu likajionyesha lenyewe. Mota ikivuta, chombo kinafuata kama mbuzi aliyefungwa kamba shingoni. Ikisukuma, chombo kinatafuta njia yake. Basi mota ihamie omoni, ivute kutoka mbele.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku nzima kwa fundi seremala wa boti. Hii ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote.

Shida ya kwanza ni urefu. Mdomo wa omo uko sentimita 55 juu ya maji tukiwa na mzigo. Shafti ni inchi 36, sentimita 91. Kichwa cha mota chini kinatakiwa kizame angalau sentimita 30, la sivyo propela inavuta hewa, inapiga kelele na haisukumi. Ukitoa 55 kwenye 91 unabaki na 36, na bado hujatoa nafasi inayoliwa na kibanio. Kwenye maji yaliyolala ingetosha kwa shida. Omo ikinyanyuka kwenye wimbi, propela iko hewani.

Fundi aliitazama boti kwa muda, akakaa chini mchangani, kisha akachora kwa kijiti. Alichofanya ni kutengeneza kibao cha mvule cha unene wa inchi 2, kinachokaa upande wa kulia wa omo, nyuma kidogo ya ncha, na kuning'inia nje chini ya ukingo kwa sentimita 18. Mota inabana juu ya kibao hicho badala ya ukingo. Zile sentimita 18 zote zimekwenda majini.

Boliti ni nne, za chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 10, zinapita kwenye faiba na kushikwa ndani na bamba la alumini lenye upana wa kiganja. Bila bamba, siku moja boliti zingetoboa faiba na kuondoka na mota. Kati ya chuma na alumini tumeweka vikombe vya nailoni na grisi, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa. Matundu yote tumeyajaza gundi ya baharini kabla ya kukaza.

Kisha kichwa cha juu. Mota za kubana nyuma zimepangwa zisukume. Ukiiweka omoni bila kuigeuza, mpini ukikuelekea wewe "mbele" inakuwa nyuma, na ukitaka ivute mpini unaelekea baharini. Kuna skrubu moja chini ya kichwa pale kinaposhikana na shafti. Nimeifungua, nimekiinua kichwa kidogo, nimekizungusha nusu duara na kuirudisha skrubu upande wa pili. Nyaya zinapita ndani ya shafti, kwa hiyo ni nusu duara tu. Ukizungusha ovyo unazisokota. Sasa mpini unanielekea mimi nilivyokaa, na ukiweka mbele mota inavuta.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sitasahau harufu ya leo.

Betri ilibaki tezini, mota iko omoni. Nikaunganisha kwa waya wa sola wa milimita 4 za mraba niliokuwa nao nyumbani, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Tukatoka. Kasi ya pili na ya tatu, sawa. Nikaweka ya tano kupambana na upepo, mota ikawa mvivu, kisha ami akauliza nini kinaungua. Nikashika waya chini ya ubao nikautoa mkono haraka. Ganda lilikuwa limelainika kama mshumaa. Nikazima, nikachomoa betri, tukarudi kwa mashine.

Jioni nilirudia nchi kavu, mota ikiwa ndani ya pipa la maji, kwa dakika moja moja, na kupima. Mita ya kubana waya: ampea 44. Volti kwenye betri 12.9. Volti kwenye mota 11.0. Karibu volti 2 zimepotelea njiani. Zidisha 1.9 kwa 44 unapata wati 84, na zote zinageuka joto ndani ya waya. Ni kama kuwasha balbu kubwa ya zamani chini ya ubao wa boti.

Hesabu yake si ngumu, naiandika ili mwingine asiunguze waya wake. Chukua 0.0175, ambayo ni namba ya ukinzani wa shaba, zidisha kwa urefu wa waya kwa mita, kwenda na kurudi, kisha gawa kwa unene wake kwa milimita za mraba. Unapata ukinzani kwa omu. Zidisha hiyo kwa ampea, unapata volti zinazopotea. Kwangu: 0.0175 mara 10, gawa kwa 4, ni omu 0.044. Mara 44, volti 1.9. Mita na hesabu vimekubaliana.

Nimefanya mambo mawili. Betri imehamia katikati, chini ya ubao wa kukalia, kwa hiyo njia nzima ni mita 6 badala ya 10. Na waya sasa ni wa milimita 16 za mraba, ule wa mashine ya kuchomelea vyuma, laini, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Fundi umeme amebana vichwa vya shaba kwa mashine yake ya kubana, tukamimina gundi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto ili chumvi isipande ndani ya nyuzi. Sakiti breka ya ampea 60, ya DC, iko kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuulinda waya, kwa hiyo lazima ikae pale umeme unapoanzia. Leo asubuhi sikuwa nayo kabisa. Kama zile nyaya zingegusana, kungekuwa na moto katikati ya maji nikiwa na mzee wangu ndani.

Kipimo kipya, pipani: ampea 48, volti 12.9 kwenye betri, 12.6 kwenye mota. Waya baridi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bamvua, yaani maji makubwa, siku mbili baada ya mwezi mpya. Nilitaka kujua mpaka wake, nikaomba tutoke saa nane mchana maji yakijaa kwa nguvu na upepo ukisukuma upande huo huo wa bara.

Mpaka nimeuona. Kasi ya tano, omo imeelekea baharini sawasawa, na simu inaonyesha tunarudi nyuma kilomita moja kwa saa. Ratili 55 ni nguvu ya kama kilo 25 tu. Ami aliangalia alama zake mbili za nchi kavu, mnazi na paa, akasema, "Tunaondoka." Hakuhitaji simu.

Mota hizi asili yake ni maziwa. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1934 huko Fargo, North Dakota, kutokana na mota ya kuwashia gari la Ford Model A, na kampuni iliyozaliwa hapo, Minn Kota, imechukua jina lake kutoka majimbo mawili yanayopakana, Minnesota na North Dakota. Hakuna bamvua kule. Sisi tutapanga kwa mwezi: siku za bamvua kali tunatumia saa za maji kusimama au tunabaki na nanga, siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo, mota inafanya kazi kutwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Maji mafu. Tumetoka alfajiri, mwamba wa pima 9.

Ami akaniambia, "Shika hapo." Nikaweka kasi ya pili, omo kwenye matlai, na boti ikatulia. Upepo ukiongezeka naweka ya tatu, ukipungua narudisha. Mguso wa mpini kila dakika, basi. Mshipi wa ami ulikwenda chini wima kabisa, kitu ambacho kwenye nanga hukipati, maana boti hubembea kwenye kamba yake na mshipi unalala mshazari. Mshipi ukiwa wima anasikia hata samaki anayeonja tu.

Kwa saa tatu nzima hatukugusa nanga. Ilikuwa omoni, kamba imekunjwa, tayari kwa dharura, na itakaa hapo siku zote. Changu 14, chewa wawili, kolekole mmoja aliyetupeleka mbio. Kwa huyo kolekole mota ilinifurahisha mno. Alikimbilia kwenye mwamba, nikaigeuza omo na kumfuata polepole, ami akawa anakusanya mshipi bila kuuminya. Zamani tungekuwa tumefungwa kwenye nanga, naye angekata.

Mita ya betri: kasi ya pili inakula ampea 14, ya tatu 19. Zimetumika ampea-saa 52.

Kwenye kurudi ami alikaa kimya tena, ila safari hii mikono yote miwili ilikuwa magotini.

Jumapili, 9 Novemba

Sauti ilibadilika. Mlio wa mota ukishauzoea unajua, na leo kulikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye kasi ya kwanza. Nimeinyanyua: nailoni imejisokota nyuma ya propela.

Kwa wanaoifuata kazi hii, hapa ndipo mota nyingi hufia. Propela inashikwa na nati moja na pini inayopita kwenye shafti. Nimefungua nati, nimeitoa pini, nimevuta propela. Nyuma yake nailoni ilikuwa imejizungusha mara nne, imebanana hadi kufanya pete ngumu, na pete hiyo ilikuwa imeanza kuingia kwenye mdomo wa sili. Sili ni kile kipande cha mpira kinachozuia maji yasiingie kwenye mota. Ikikatika, maji ya chumvi yanaingia na mota imekwisha. Nimeitoa nailoni kwa sindano ya kushonea nyavu, kidogo kidogo, nikiwa nimeshikilia pumzi. Mpira una alama, haujakatika. Nimeizungusha shafti ya propela kwa mkono, haina mkwaruzo. Pini imepinda kidogo, nimebadilisha.

Tumekubaliana na ami: akimwaga mshipi mimi nazima, akiuliza "wazi?" najibu "wazi" ndipo nawasha. Na propela inatolewa kila Ijumaa, hata kama hakuna mkwaruzo.

Jumamosi, 15 Novemba

Mambo madogo. Paneli ya wati 200 iko juu ya paa la jiko. Kwa jua la sasa, ampea-saa 52 zinarudi ndani ya siku moja. Kidhibiti nimekiweka kwenye mpangilio wa lithiamu, volti 14.4. Mota inaoshwa kwa maji baridi kila tunaporudi, kabla hata samaki hawajashushwa. Kipande cha zinki nilichofunga nyuma ya kichwa cha chini kimeshaanza kuwa na vishimo, maana yake kinaliwa chenyewe badala ya alumini, kama inavyotakiwa. Rangi imechubuka sehemu moja chini ya kibanio, nitaipaka kesho.

Kibao cha mvule kimesimama imara, boliti hazijalegea hata robo.

Jana jioni ami alikuja nyumbani baada ya swala, akaomba nimfundishe mpini. Tukakaa uani, mota ndani ya pipa, akaweka kasi ya kwanza, ya pili, akageuza kushoto na kulia, akisikiliza maji yanavyozunguka ndani ya pipa. Anataka Jumanne ashike yeye, mimi nivue.